Jina Ambalo Imakulata Halitamki

Ukimtumia Imakulata ujumbe wa sauti, usitegemee ausikilize mbele za watu. Atatazama jina lako kwenye kioo cha simu, atasema "Ngoja kidogo," kisha atainuka aende nyuma ya zizi, asimame ameuelekea mlima Hanang, simu ameibana sikioni kama mtu anayeumwa jino. Akirudi, uso wake hausemi kitu. Kama ni msiba hujui, kama ni harusi hujui. Atakaa, atachukua hindi lake, ataendelea kupukuchua pale alipoachia.

Nilipohamishiwa Getanuwas kufundisha, nilidhani ananificha mimi. Mimi ni Mwiraqw wa Mbulu, wa kule Tlawi kwenye ukungu na maharage, na yeye ni Mbarbaig wa hapa uwandani. Nikafikiri labda ni mambo ya kabila. Baadaye nikaona anawafanyia hivyo hata mumewe, hata watoto wake, hata katekista. Siku moja mwanawe Modest alimwuliza, "Mama, nani huyo?" Akamjibu, "Simu." Mtoto akacheka, nami nikacheka, na hatukupata zaidi ya hapo.

Kazi yake ni mhudumu wa afya wa jamii. Anatembea boma kwa boma na mzani wa kupimia watoto ukining'inia begani, anawakumbusha wajawazito tarehe za kliniki, anawauliza wazee kama wamemeza dawa. Wanawake wengi wa huku hawapendi kuandika. Wanabonyeza ile alama ya kinasa sauti, wanasema yote kwa lugha yao, kuku wakilia nyuma, kisha wanaachia. Ndiyo maana simu ya Imakulata imejaa sauti za watu. Nani anatumia uzazi wa mpango bila mama mkwe kujua, nani ameanza dawa, nani anaogopa kwenda kupima. Anatembea nazo mfukoni mwa gauni, chini ya shuka lake, na hajawahi kuzicheza kwa spika.

Nilikuwa namwonea wivu kidogo. Si wivu mbaya, ni ule wa mtu aliyeona jinsi isivyofanyika. Habari ya kifo cha mama yangu niliipata kwenye grupu la watu niliosoma nao chuo. Mtu mmoja aliyekuwa wodini alimpiga picha kitandani, akaituma na maneno ya pole, na picha ikanifikia nimesimama dukani nikinunua sukari ya kumpelekea. Muuza duka alinipa chenji, nikaipokea. Yule mtu hakuwa na nia mbaya. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na bado naamini hakuwa na nia mbaya. Ila kila nikimwona Imakulata akienda nyuma ya zizi, nafikiri kwamba mama yangu angependa habari zake zipitie kwa mtu kama huyu.

Sasa Sara. Sara ameniruhusu kuandika habari zake, na kabla sijaandika alikaa nami jikoni akachagua mwenyewe kipi kiingie na kipi kibaki. Yeye anauza samaki wa Basotu pale senta. Alikuwa ameolewa muda mrefu, na mimba zake zilikuwa zinatoka. Kila zilipojulikana watu walikuja kumpongeza, na kila zilipotoka watu walewale walirudi kumpa pole, wakakaa kwenye vigoda vilevile.

"Mwalimu, pole si mbaya," aliniambia. "Lakini nilikuwa nawaonea huruma wao. Wanatafuta maneno, hawayapati, na mimi ndiye ninayewamiminia chai."

Aliposhika mimba tena aliamua kwamba safari hii hakuna atakayejua mpaka mtoto alie. Walijua mumewe, mama yake mzazi kule Balangdalalu, na Imakulata. Tumbo lilipoanza kutunisha kanga, alifunga meza yake ya samaki, akatangaza anakwenda kumsaidia mama yake mavuno, akaondoka. Kutoka huko hakuwa na mtu wa kumwuliza ila Imakulata, kwa simu. Miguu imevimba, ni kawaida? Leo hajacheza tangu asubuhi, nifanye nini? Leo amecheza, amecheza sana, sikiliza ninavyocheka. Alikuwa amemwambia Imakulata wazi: "Habari hii ikitangulia kufika Getanuwas kabla yangu, mimi sirudi tena. Nitakaa kwa mama."

Hiyo ndiyo siri iliyokuwa kwenye simu mwaka ule, pamoja na nyingine ambazo sizijui na sitazijua.

Niseme pia habari ya jina. Kwa Wabarbaig, mwanamke akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Halitamki, na maneno yanayofanana nalo anayakwepa, na kwa kila neno analoliacha anajua la kuweka mahali pake. Ni heshima, na wanawake wenyewe wanaiona kama ustadi wa kujivunia. Baba mkwe wa Imakulata ni Mzee Gidabuday. Wanawe wanalitaja jina hilo kutwa, wajukuu wanalitaja, nadhani hata mbwa wake analijua. Wakamwana wake, yaani wake za wanawe, wanamwita Baba wa Kule Juu, kwa kuwa boma lake liko kilimani.

Imakulata amelivusha jambo hili mpaka kwenye Kiswahili, na hakuna aliyemtuma. Neno "budi" halimtoki mdomoni. Alipokwenda semina Katesh, mkufunzi aliandika ubaoni: Hatuna budi kunawa mikono kwa sabuni. Akamwinua Imakulata asome.

"Tunalazimika kunawa mikono kwa sabuni," akasoma.

"Soma kilichoandikwa, mama."

"Ndicho nilichosoma."

"Hapo pameandikwa hatuna nini?"

Imakulata akaukazia macho ubao. "Hatuna ujanja," akasema, akakaa.

Semina nzima iliangua kicheko. Wabarbaig walicheka kwa kuwa wameelewa, na wengine walicheka kwa kuwa hawakuelewa, na mkufunzi hajui mpaka leo alikosea wapi.

Familia ina grupu la wasapu. Lilifunguliwa na Gidahosh, mtoto wa kwanza wa mzee, mume wa Fransiska, na kwa kuwa yeye ni mwana na si mkamwana, aliliita bila wasiwasi wowote Ukoo wa Gidabuday. Imakulata anaingia humo, anasoma, anajibu. Ukimwuliza ni grupu gani, atakwambia, "Lile la kule juu."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mahindi yameshaingia ndani, na upepo wa mwezi wa saba unapeperusha makapi mpaka kwenye chai. Nilikuwa nimekaa kwake uani tunapukuchua. Alikuwa anatazama simu mara kwa mara, jambo ambalo si kawaida yake.

"Unamsubiri nani?" nikamtania. "Mchumba?"

"Mchumba gani atanitaka na mikono hii, Mwalimu?" Akanionyesha viganja vyenye malengelenge. "Kuna mtu amekwenda kliniki leo. Atanituma sauti akitoka."

Sikuuliza ni nani. Nilikuwa nimeshajifunza.

Simu ikalia mlio mfupi. Si sauti ya mtu. Ulikuwa ujumbe wa kawaida wenye tarakimu sita na maneno ya Kiingereza. Akautazama akausogeza pembeni. Kabla hajaiweka simu chini ukaingia mwingine, wa wasapu, wenye picha ya Fransiska akiwa amevaa sare ya kwaya. Uso wa Imakulata ukabadilika.

"Mzee anaumwa," akasema. Punje za mahindi zikamwagika mapajani mwake.

Fransiska na Imakulata wameolewa na ndugu wawili, na kwa huku walioolewa hivyo huitana mke mwenzangu. Imakulata anampenda yule mzee. Alipofika kwake bado msichana, asiyejua kukamua ng'ombe, ni mzee aliyemfundisha, akimgeuzia mgongo kwa heshima na kuongea na ng'ombe badala ya kuongea naye. "Wewe ng'ombe, mwambie msichana asikubane hivyo." Nilimwona ameshaandika tarakimu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akasita. Akausoma ujumbe upya, midomo ikicheza, akafika mahali fulani akaitupa simu kwenye lundo la maganda kama kaa la moto.

"Huyu si Fransiska."

"Umejuaje?"

"Ametaja."

"Ametaja nini?"

"Ametaja, Mwalimu! Ametaja!"

"Sasa mimi nitajuaje ametaja nini usiponiambia?"

"Nikuambieje na mimi sitaji?" Akaiokota simu, akanigeuzia kioo, akaelekeza kidole gumba karibu na neno moja bila kuligusa. Nikasoma: Mke mwenzangu, kuna namba sita zimekuja kwako kwa makosa, nitumie haraka, Mzee Gidabuday amezidiwa tunamkimbiza hospitali.

Ndipo nikaelewa. Fransiska ana ulimi mrefu na hasira za karibu, lakini hajalitamka wala kuliandika jina lile tangu alipoolewa. Hata kama mzee angekuwa anakata roho mikononi mwake, angeandika Baba wa Kule Juu.

Imakulata akafuta zile tarakimu tatu, moja moja, akihesabu kwa kichwa kama anayetoa miiba mguuni. Kisha akampigia Fransiska simu ya kawaida, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaweka spika, kwa kuwa mikono ilikuwa haishiki kitu.

"Haloo, mke mwenzangu!" Nyuma ya sauti walikuwa wanalia mbuzi.

"Fransiska, uko wapi?"

"Niko kisimani. Nina wateja wengi leo, na wote wana pembe."

"Baba wa Kule Juu anaendeleaje?"

"Anaendeleaje vipi? Nimemwacha anakunywa uji, anagomba hauna maziwa. Kwani kuna nini?"

"Hujaniandikia wasapu?"

"Wasapu gani? Yangu imekufa tangu asubuhi. Inaniambia nijisajili upya, kama mgeni."

"Kuna mtu ulimpa namba?"

Mbuzi wakaendelea.

"Zile za kwaya?" Fransiska akauliza, sauti imeshuka.

"Kwaya gani?"

"Kuna mtu alinipigia asubuhi, ana sauti nzuri, akasema kuna kwaya mpya inakusanya waimbaji, wamesikia habari zangu, wananiingiza kwenye grupu lao. Nimsomee namba zilizoingia kwenye simu. Nikamsomea. Nikamwimbia na ubeti mmoja."

"Ulimwimbia?"

"Aliomba, mke mwenzangu!"

Nilishindwa kujizuia, nikacheka mpaka nikapaliwa na makapi. Imakulata naye alikuwa anapigana na mdomo wake. Akameza kicheko, akasema kwa upole, "Sasa sikiliza. Yule mwenye kwaya yumo kwenye wasapu yako, anatuandikia sisi kwa picha yako. Anatafuta na sisi tumpe namba zetu. Na ameandika." Akapumzika. "Amemtaja."

"Amemtaja nani?"

"Fransiska. Amemtaja."

Yowe lililotoka kwenye simu liliwafanya kuku wakimbie. "Kwa mdomo wangu? Amemtaja kwa mdomo wangu? Na watu wameona?"

"Nimeona mimi, na Mwalimu."

"Uwii! Angechukua simu yenyewe! Angechukua na mbuzi! Lakini kunitajisha mkwe wangu, mimi?"

Ilibidi Imakulata amkatie simu, maana kazi ilikuwa bado. Yule tapeli alikuwa ndani ya grupu la ukoo kwa jina la Fransiska. Mazungumzo ya zamani hakuyapata, ila alikuwa anayaona majina na namba za kila mtu, na jina la grupu pale juu, na bila shaka alikuwa anawaandikia mmoja mmoja. Kumtangaza humo kwa Kiswahili kungemwamsha. Imakulata akafikiri, kisha akabonyeza kinasa sauti akasema maneno machache kwa Kidatooga, lugha yao, taratibu, kama anayesalimia tu.

"Umesemaje?" nikamwuliza.

"Nimesema, aliyevaa uso wa mke wa kaka yetu si wa nyumba hii, msimpe kitu, na mwenye ufunguo wa grupu amtoe. Lakini nimeyasema kwa yale maneno yetu ya pembeni, ya wanawake. Hata akimpata Mbarbaig wa kumtafsiria, awe ni mwanamume, atachoka."

Wakamwana wote walielewa palepale. Majibu yao yalikuwa nyuso za kucheka na nyuso za hasira. Mwenye ufunguo wa grupu ndiye aliyechelewa. Gidahosh alikuwa mnadani, na ilibidi apigiwe simu aelezwe kwa maneno ya kawaida. Alimtoa yule mgeni, kisha akaandika kwa wote kuona: "Lakini mimi kaniandikia vizuri tu. Hata jina la baba hajakosea herufi."

Imakulata akamjibu kwa sauti, "Ndiyo hivyo, shemeji. Hajakosea hata moja."

Kilichofuata ni vicheko vya wanawake, sauti baada ya sauti. Gidahosh hakuandika tena siku hiyo.

Tulikuwa bado tunacheka ilipoingia sauti nyingine. Imakulata akaangalia jina, akainuka, akaenda nyuma ya zizi. Alikaa huko kidogo. Aliporudi aliegemea nguzo ya lango na kwa mara ya kwanza niliona uso wake ukisema kitu.

"Mwalimu. Yule wa kliniki ametuma."

"Ni mzima?"

"Ningemaliza zile namba, sauti hii ingekwenda kwake."

"Kwa tapeli? Hajui hata lugha. Wala hamjui huyo mtu."

"Hamjui," akasema. "Lakini angemjibu."

Neno hilo sijalisahau. Nilikuwa nimefikiria siku zote kwamba ubaya wa kuibiwa maneno ni kuwa watayasikia wasiohusika, kama wale walioitazama picha ya mama yangu. Imakulata alikuwa ameona mbali zaidi. Mtu yuko mbali kule Balangdalalu, anauliza jambo la mwili wake kwa woga, na anayemjibu kwa jina na picha ya yule anayemwamini ni mtu asiyejali kama ataishi au atakufa. Angemwambia lolote. Angemtisha. Angemwuliza yuko wapi na yuko na nani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Imakulata aliniomba tukae kwenye baraza la zahanati na yeyote mwenye simu aje. Mimi nilijua jinsi ya kuweka kufuli la pili kwenye wasapu, ile namba ya siri unayojichagulia mwenyewe, ili hata mtu akizipata zile tarakimu sita asiweze kuingia. Nilijua pia jinsi ya kuifanya picha yako ionekane na watu uliowahifadhi tu, na jinsi ya kuzuia usiingizwe kwenye grupu na mtu usiyemjua. Nilimwonyesha Imakulata kwenye simu yake, naye akawaonyesha wengine kwa lugha yao, kwa namna ambayo mimi nisingeweza. Namba zinazoingia ni mlango, aliwaambia. Ya kwako ya pili ni komeo la ndani. Anayekuja anagonga, hata awe padri, hata awe mimi, anabaki nje.

"Hata uwe wewe?" akauliza Rogathe, mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Mimi hasa. Nikikuandikia nataka namba zako, ujue si mimi."

"Basi mimi komeo langu tayari!" Rogathe akanyanyua simu. "Nimeweka mwaka wa ile mvua kubwa na mwezi aliozaa ng'ombe wangu mweusi!"

Baraza zima likageuka kumtazama.

"Mama Rogathe," Imakulata akasema, "badilisha."

"Nibadilishe kwa nini? Ni nzuri, siwezi kuisahau!"

"Na sisi hatuwezi kuisahau."

Rogathe alijifunika uso kwa shuka. Alibadilisha, na ya pili nayo akaitamka kwa nguvu wakati anaiandika, ikabidi tumpeleke mbali kidogo, karibu na tangi la maji, aandike akiwa peke yake kama mtu aliyekwenda kuungama.

Wakati huo Fransiska alikuwa na shughuli yake. Wasapu yake ilichukua siku kadhaa kurudi, kwa kuwa tapeli alishaweka kufuli lake mwenyewe, lakini si hilo lililomnyima usingizi. Alitaka kumwomba mzee radhi, na hakujua ataanzaje. Alituomba tumsindikize. Tulimkuta Mzee Gidabuday amekaa kwenye kigoda chake nje ya nyumba, blanketi mabegani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akatuuliza habari za ng'ombe ambao hata si wa kwetu.

"Baba," Fransiska akaanza, macho chini. "Kuna mtu amekuita."

"Nani ameniita?"

"Mimi. Lakini si mimi."

Mzee akamtazama Imakulata. Imakulata akatazama mbuzi. Ikawa zamu yangu, kwa kuwa mimi si mkamwana wa mtu pale, na ulimi wangu una ruhusa. Nikamweleza yote, mpaka kwaya, mpaka ubeti. Mzee alisikiliza amefumba macho. Nilipofika pale Imakulata aliposoma jina na kuitupa simu, alianza kutikisika chini ya blanketi, nikadhani analia.

"Kwa hiyo mwizi alifika mlangoni," akasema, akifuta machozi ya kicheko, "akaangushwa na jina langu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nilikuwa nimekaa hapa nakunywa uji usio na maziwa."

"Maziwa yalikuwemo, Baba," Fransiska akasema haraka, na hapo kila mtu akajua kwamba amesamehewa.

Tangu siku ile mzee haachi kusimulia. Gidahosh alitaka kubadilisha jina la grupu, mzee akakataa katakata. Liache hapohapo juu, alisema, kila mwizi alisome.

Sauti ya Sara ilikuja wiki nyingi baadaye, siku ya kazi, saa za asubuhi. Nilikuwa nimepita kwa Imakulata kuchukua mayai. Simu ikalia, akaangalia, akaenda nyuma ya zizi, na safari hii nilimwona kwa mgongo tu: mabega yalipanda, yakashuka, kisha akauegemea ukuta wa miti kwa paji la uso. Alirudi na macho mekundu na mdomo ulionyooka kama rula.

"Ni nani?" nikauliza. Nilijua atakavyojibu.

"Simu," akasema.

Lakini jioni ile aliwapa watoto nyama katikati ya wiki. Siku zilizofuata alikuwa anaimba akitembea na mzani wake, na watu walipomwuliza amefurahia nini alisema ni hewa. Rogathe alimwambia wazi kwamba anaonekana kama mwanamke aliyeficha ng'ombe chumbani. Aliibeba furaha ile mdomoni kama mtu aliyebeba maji, asicheke ovyo yasije yakamwagika. Na mimi, ambaye nilikuwa sijui ni nini, niliona raha kuwa karibu na mtu anayejua.

Kisha ikaja Jumapili moja yenye baridi na jua. Watu walikuwa wameshatoka kanisani na kusimama makundi makundi, wakati Sara alipoingia uwanjani akitokea upande wa barabara, mumewe nyuma na mfuko, mama yake mbele. Mgongoni, ndani ya shuka jekundu, kulikuwa na kichwa kidogo chenye kofia ya sufu. Nadhani kila mtu alikuwa anatazama mara ya pili. Yule mtoto akalia, kilio cha njaa, chenye nguvu, na Rogathe akapiga kigelegele ambacho nina hakika kilisikika Basotu.

Sitajaribu kueleza yaliyofuata. Nilimwona Fransiska anaimba na kulia kwa pamoja. Nilimwona katekista amebeba kofia ya mtoto bila kujua amekabidhiwa na nani. Wanawake walipomaliza kumkumbatia Sara wakamgeukia Imakulata.

"Ulijua!"

"Nilijua nini?"

"Mama Modest, ulijua! Wewe na kuimba kwako!"

"Mimi naimba kila siku," akasema Imakulata, na sasa alikuwa anacheka waziwazi, machozi yanamtiririka mpaka shingoni.

Sara akamsogelea na mtoto. Walitazamana. Sikusikia kama waliambiana kitu. Kisha Sara akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama Modest, mpige picha sasa. Watumie wote, kwenye grupu la kina mama, kwenye stetasi, popote. Nimekuruhusu."

Imakulata alishatoa simu mfukoni. Aliishika, akaitazama, akairudisha.

"Simu yako iko wapi?" akamwuliza Sara.

"Ipo."

"Basi tuma mwenyewe. Ni yako."

Sara akampa mama yake mtoto, akatoa simu, akapiga picha mbili ambazo zilitoka vibaya kwa sababu ya haraka, na ya tatu ikatoka vizuri. Akaandika neno moja, Amefika. Akabonyeza. Na pale uwanjani, mifukoni, vikapuni, chini ya mashuka na ndani ya sidiria za akina mama, simu zikaanza kulia, moja baada ya nyingine, kisha zote pamoja, na kila mtu akaitoa yake kutazama mtoto ambaye alikuwa amelala mbele yao.